Upande wa Pili

Makoko, Musoma

Jumamosi, 9 Aprili 2016

Mvua tangu alfajiri. Padri mgeni, aliyekuwa akisoma Kiswahili hapa kwenye shule ya lugha, amekuja kuniaga. Kesho anaanza safari ya kwenda parokia aliyopangiwa. Miezi minne tumekaa naye barazani kila jioni, mimi nikimsahihisha ngeli, yeye akinisimulia habari za kwao Marekani. Leo ameniachia CD moja, kasha lake limepasuka pembeni. "Mwalimu, wewe ni mtu wa gita," akasema, "hii utaielewa bila mimi kueleza."

Inaitwa Return of the Grievous Angel, ya mwaka 1999. Ni albamu ya kumuenzi Gram Parsons, kijana aliyefariki 19 Septemba 1973 huko Joshua Tree, California, akiwa na miaka 26 tu. Padri akanieleza kwa ufupi. Huyu bwana aliuchukua muziki wa kantri, muziki wa wakulima na madereva wa malori, akauchanganya na roki wakati vijana wa mjini waliuona kantri kuwa wa wazee. Alifanya hivyo na kundi la Byrds mwaka 1968, kisha na Flying Burrito Brothers. Hakuuza sana akiwa hai. Emmylou Harris, dada aliyeimba naye miaka yake ya mwisho, ndiye aliyesimamia albamu hii ya kumkumbuka, karibu miaka 26 baada ya kifo chake.

Kantri si ngeni kwetu. Nilipokuwa mdogo Jim Reeves alitoka kwenye redio kila Jumapili mchana, na mama alimwimba akichambua mchicha, bila kujua neno hata moja la yale aliyoyaimba. Lakini kantri ya kuchanganywa na roki sikuwahi kuisikiliza kwa makini.

Jumapili, 10 Aprili

Baada ya misa nimesikiliza albamu yote, nyimbo 13, mara tatu. Mke wangu ameniuliza kama leo hatutakula.

Nilitegemea nisikie watu 13 wakimwiga marehemu. Sivyo. Kundi la Cowboy Junkies limechukua wimbo wake wa mbio na kuugeuza kitu kizito cha usiku, kama mtu anayetembea gizani akijisemea. Gillian Welch anaimba polepole mpaka unasikia anapovuta pumzi. Elvis Costello anaimba kama Elvis Costello. Emmylou mwenyewe anatokea hapa na pale, pembeni ya sauti za wenzake, haombi kusikika kuliko mwingine. Ni kama mama mwenye msiba anayepita katikati ya wageni kuona kama kila mtu amepata maji.

Usingizi umekataa. Saa sita usiku nimetoka nje. Mvua imekatika, ziwa linapiga mawe taratibu. Jina limenijia pale pale nimesimama: Misiani.

Jumanne, 12 Aprili

Niandike ninachokijua, nisije nikaanza kusimulia nisichokijua.

Daniel Owino Misiani alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 huku huku mkoani Mara, Nyamagongo, karibu na Shirati, ambako wamisionari wa Mennonite walikuja mwaka 1934. Familia yake ilikuwa ya dini, na gita la dunia halikupendwa nyumbani kwao. Akavuka kwenda Kenya akiwa kijana, na huko akaunda bendi iliyobadilisha majina mara kadhaa mpaka ikatulia kwenye jina la nyumbani: Shirati Jazz. Hilo ndilo linalonigusa kila mara. Aliishi Kenya, akarekodi Kenya, akapata jina na kuteseka Kenya, lakini santuri zake zilibeba jina la kijiji cha Tanzania.

Muziki wa benga hakuuanzisha peke yake. Wapo akina John Ogara wa Ogara Boys, yupo George Ramogi, na ubishi wa nani alikuwa wa kwanza hautaisha Kisumu wala Nairobi. Lakini kwa watu wa pande zote mbili za mpaka, Misiani ndiye aliyeipa benga maneno ya kufikiri. Walimwita Mfalme wa Historia. Alichukua habari za Biblia, za wanyama, za watawala wa kale, akazifunga kwenye gita, na aliyeambiwa akajijua. Wakubwa wa Kenya walijijua pia. Walimsumbua, na zaidi ya mara moja wakamtishia kumrudisha Tanzania, kana kwamba Shirati ni jela.

Alifariki kwa ajali ya barabarani Kisumu, tarehe 17 Mei 2006. Mwezi ujao inatimia miaka kumi.

Mwaka 1989 London walitoa albamu zake mbili, Piny Ose Mer na Benga Blast! Mwaka 2008 Ketebul Music wa Nairobi wakatoa Retracing the Benga Rhythm, kitabu pamoja na CD na DVD, kazi nzuri ya kufuatilia benga tangu chanzo. Mwaka 2010 Sterns wa London wakakusanya nyimbo zake za miaka ya sabini na kuziita The King of History. Nazishukuru kazi hizo zote. Lakini zimekusanya sauti za wenyewe waliopiga. Mimi natafuta ile kazi ya Emmylou: watu wengine waingie ndani ya nyimbo za marehemu na vidole vyao. Hapa Mara bado sijaisikia. Na huku ndiko kwao.

Jumatano, 13 Aprili

Santuri za kaka.

Kaka yangu marehemu alikuwa utingo wa lori la pamba. Akifika Migori au Kisumu alirudi na santuri za Shirati Jazz amezifunga ndani ya shati ili zisikatike. Zilikuwa zile ndogo za wimbo mmoja mmoja. Wimbo wa benga ni mrefu, hautoshi upande mmoja, kwa hiyo waliukata katikati. Upande wa kwanza watu wanaimba. Upande wa pili magita yanaachiwa, solo linapanda juu, besi inakimbia, na ndipo watu wanapoinuka kucheza. Kazi yangu, mtoto wa miaka minane, ilikuwa kuigeuza santuri. Kaka alinifundisha: inua sindano, shika santuri kwa viganja pembeni, usiguse mifereji, geuza, shusha sindano taratibu. Wageni wanasubiri. Wengine wanabaki wamesimama na mguu mmoja mbele, hawataki kupoteza hatua.

Mpaka leo nikipiga wimbo wowote wa Misiani kwa gita, nikifika pale mkono unasita. Kimya kidogo, kama cha mtu anayegeuza kitu kwa viganja. Sikuwahi kumwambia mtu.

Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa, siku moja alizikuta. Hakuzivunja. Alizipanga juu ya bati la banda la kuku, jua la Januari likazikunja zote kama majani ya muhogo. Kaka hakusema neno. Aliondoka na lori alfajiri na hakulala nyumbani tena mpaka baba alipougua.

Jumamosi, 16 Aprili

Leo nimevuka. Nimepanda boti Mwigobero saa moja asubuhi kwenda Kinesi, elfu chache tu za nauli, gita langu nimelifunga kwenye mfuko wa mbolea. Ningeweza kuzunguka kwa gari kupitia daraja la Kirumi lakini boti ni karibu zaidi, na hewa ya ziwa asubuhi inanisaidia kifua.

Nilikuwa namfuata mzee mmoja mpiga nyatiti, niliyemsikia kwenye msiba fulani miaka mitatu iliyopita. Nikamkuta ameketi chini ya mwembe anashona wavu.

"Oyawore, mzee." Kijaluo changu kinaishia hapo na sokoni.

"Oyawore ahinya. Karibu, Mwalimu. Umekuja na mfuko wa mbolea, unataka kulima kwangu?"

Nikaamkia ipasavyo, shikamoo, akanipokea, tukaulizana za nyumbani, za mvua, za wajukuu, uji ukaja. Ndipo akaingia ndani kuleta nyatiti.

Niichore kwa maneno kwa sababu sikuwahi kuiona kwa karibu kiasi hiki. Bakuli la mti lililochongwa, limevikwa ngozi ya ng'ombe ambayo imepigwa rangi ya moshi. Mikono miwili ya mti inatoka kwenye bakuli na kushikwa juu na mti wa kuvuka, na nyuzi nane zinashuka kutoka huko. Zamani zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Za kwake ni nailoni, uzi ule ule wa kuvulia sangara aliokuwa akishonea wavu. Nyuzi nne ni za mkono huu, nne za mkono ule. Anakaa kwenye kigoda kifupi mpaka magoti yanafika kifuani. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia anavaa pete nene ya chuma, oduong'o, na kifundoni njuga ziitwazo gara. Mguu unapiga ukingo wa mti, njuga zinajibu, mikono inachuma nyuzi, mdomo unaimba. Mtu mmoja, bendi nzima.

Nikamwekea Misiani kwenye simu. Alisikiliza kwa mguu. Pete ikaanza kugonga polepole kabla uso wake haujabadilika.

"Owino hakuleta kitu kigeni," akasema wimbo ulipoisha. "Nyuzi hizi nne alimpa wa solo, na hizi nne akampa wa besi. Mguu akampa wa ngoma. Aliigawa nyatiti kwa watu watatu, basi."

Nimekaa na gita miaka arobaini na sijawahi kuambiwa jambo kubwa hivyo kwa maneno machache. Nilipomweleza ninachotaka, akakubali kabla sijamaliza. Sharti lake moja: asije mjini kwenye chumba cha kompyuta. Atakuja Makoko, nyumbani kwangu, akae chini ya paa analoliona.

Jumatano, 20 Aprili

Mwezi unakaribia kujaa na wavuvi wa dagaa wamepumzika, maana dagaa huja kwenye taa pale tu giza linapokuwa giza kweli. Bado watu wanawaita wa karabai ingawa taa za siku hizi ni za sola. Kwa ajili hiyo kijana wa besi amepatikana. Usiku wa giza yuko ziwani, Jumapili yuko kwaya, mbalamwezi ndiyo nafasi yake. Ni Mjita, miaka ishirini na miwili, kidole chake cha shahada kina kovu la wavu. Besi amejifunzia kanisani kwenye gita lisilo na uzi wa nne.

Tumefanya mazoezi mpaka saa tatu usiku na tumegombana. Nilitaka apige kama ilivyo kwenye wimbo wa asili, noti kwa noti. Nikamwekea kipande kile kile mara kumi na mbili. Alikuwa akikipata, lakini kila akifika mbele anaingiza mwendo wa kwaya, besi inashuka ngazi kwa ngazi kama watu wanaoondoka altareni. Nikamkatisha. Nikamkatisha tena. Mwishoni akaweka besi ukutani na kusema kwa adabu, bila kupaza sauti: "Mwalimu, nikipiga hivi hivi, si watu wasikilize tu ile ya zamani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia ni usiku, aende akalale.

Ijumaa, 22 Aprili

Mwezi mpevu. Nimerudia CD ya padri nikimtafutia yule kijana jibu, nikapata jibu la kwake badala ya langu.

Cowboy Junkies hawakupiga kama Parsons. Emmylou, aliyemjua kwa karibu, aliyesimama naye kwenye maikrofoni moja, aliwaachia. Alikuwa na haki kuliko mtu yeyote ya kusema "hapana, Gram hakuimba hivyo", na angesema hivyo albamu ingekuwa na sauti moja, ya mtu aliyekufa. Aliwapa nyimbo wakaenda nazo makwao.

Na Misiani mwenyewe, je? Aliipata nyatiti kwa wazee akaigawa kwa watu watatu na kuitia umeme. Wazee wa nyatiti wa wakati ule lazima walisema ameiharibu. Benga ikasafiri mpaka Zimbabwe ndani ya santuri za mtayarishaji Oluoch Kanindo, na watu wa kule wakaiita kanindo, wakaila, wakaifanya muziki wao wenyewe, sungura. Hakuna aliyewakataza.

Mimi nilikuwa namkataza Mjita wa Makoko.

Jumamosi, 23 Aprili

Nimekwenda mwaloni asubuhi. Nimemkuta akigeuza dagaa juu ya mchanga kwa reki, akina mama wanasubiri na beseni. Nimemwomba radhi mbele ya wenzake, kwa sababu nilimkatisha mbele ya wenzake. Akaona aibu kuliko mimi. "Yameisha, Mwalimu." Akaniwekea dagaa kwenye gazeti. Nimekula na ugali wa muhogo, na mke wangu ameuliza nani kanisamehe.

Jioni amekuja. Akapiga ule mwendo wa kwaya mwanzo mpaka mwisho. Unakaa. Chini ya nyuzi za Misiani unakaa kama ngazi iliyokuwepo siku zote na mtu hakuwahi kuipanda.

Jumanne, 3 Mei

Giza limerudi. Usiku huu nimehesabu taa ziwani nikafika sabini na kuacha. Moja wapo ni ya mpiga besi wangu.

Nimetumia siku hizi kufikiria haki za watu. Nyimbo za Misiani zina wenyewe. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, Kenya nao ni hivyo hivyo, kwa hiyo mpaka mwisho wa mwaka 2056 hakuna mtu wa kutoa wimbo wake hadharani bila idhini. Mimi sitakuwepo. Vizuri tu, hilo si la kusubiri kuisha, ni la kuombwa. Wanamuziki wengi wa zamani wa Afrika Mashariki wamekufa wakisikia sauti zao kwenye mabasi na hawana nauli ya basi. Sitaki albamu ya kumuenzi mtu ianze kwa kumwibia watoto wake.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi: tunarekodi wimbo mmoja, kwa ajili yetu na kwa ajili ya familia. Jina la wimbo siliandiki hata humu. Tukiwa tumemaliza, mzee wa nyatiti, ambaye anafahamiana na watu wa Nyamagongo, ataupeleka mwenyewe pamoja na barua. Wakikubali, tutawatafuta wengine: kuna mpiga litungu Mkurya upande wa Tarime, kuna kwaya ya akina mama Bweri, kuna vijana wa kompyuta Nyasho ambao wanajua kutengeneza midundo. Wakikataa, tumeshampigia Owino na inatosha.

Nimeandika barua mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu. Ya pili ilijaa sifa zangu. Ya tatu ni ukurasa mmoja.

Jumamosi, 7 Mei

Kuhusu yule Mkurya wa litungu. Nilipomtaja kwa mzee wa nyatiti kwa simu, kukawa kimya. Wajaluo na Wakurya wa huku wana historia ya ng'ombe walioibwa na watu waliozikwa, na mzee huyu alipoteza mtu. Nikajua nimegusa. Kisha akasema, "Litungu ni kubwa kuliko nyatiti. Sauti yake iko chini. Aje akae upande wa kushoto kwangu, huko ndiko sikio langu zima."

Nimeiandika hapa ili nisiisahau, maana simu zinafutika.

Jumanne, 17 Mei

Miaka kumi.

Mzee alifika na boti ya saa tatu, nyatiti mgongoni imefungwa kitenge. Niliwaomba vijana wamshike mkono kwenye mawe, akakataa. Mpiga besi amepumzika, mwezi umeanza kunenepa. Mpiga ngoma ni mjukuu wangu, darasa la saba, na ngoma ni ndoo ya rangi, chupa ya soda na kijiko, maana seti ya kanisa isingeweza kuja. Kijana mmoja wa Nyasho amekuja na kompyuta mpakato na maikrofoni mbili, akafunga magodoro kwenye madirisha. Mke wangu amefungia kuku banda la mbali.

Umeme ulikatika saa tano. Tukangoja. Mzee akasimulia habari za Kisumu ya zamani, dansi za mpaka asubuhi, santuri zilivyouzwa kituo cha basi. Nilitaka kurekodi maneno yale kuliko wimbo. Saa nane mchana umeme ukarudi, na mawingu pia. Yule kijana wa kompyuta akatazama bati na kusema, tukianza sasa hivi tunawahi.

Mara ya kwanza niliharibu mimi, uzi wa kwanza ulikatika. Mara ya pili ndoo ilianguka. Mara ya tatu mzee aliimba.

Sauti yake haina nguvu tena. Inatoka puani kidogo na kukwaruza, lakini Kijaluo chake kiko sawa, kila neno limekaa mahali pake, na mpiga besi alimfuata kwa kiitikio na matamshi aliyofundishwa tangu asubuhi. Mjita akiimba Kijaluo nyumbani kwangu mimi Mkwaya. Gita langu lilirudia kila alichosema mzee, kama inavyotakiwa kwenye benga, anasema, namjibu kwa maneno yale yale kwa nyuzi. Besi ikashuka ngazi zake.

Tukafika pale. Nilikuwa nimewaambia kwamba hapo tunaingia moja kwa moja kwenye magita, bila kusimama. Mkono wangu ukasita. Sikuuambia usite. Nikaona kiganja changu kimeinuka juu ya nyuzi, nusu pumzi, na nikawaza tumeharibu tena. Lakini mzee alikuwa ameinua mguu wake na kuushikilia hewani, pete ya chuma inang'aa, ananitazama. Kijana wa besi ameshika nyuzi zisilie. Hata mjukuu alinyamazisha ndoo kwa kiganja. Wote wakangoja.

Kisha mguu ukashuka.

Sikumbuki tulipiga dakika ngapi. Kompyuta inasema saba na sekunde kumi na moja. Mvua iliingia karibu na mwisho, matone machache juu ya bati, na yule kijana akaanza kunyoosha mkono kusimamisha, akaurudisha.

Jumatano, 18 Mei

Nimemuuliza mzee asubuhi kabla hajapanda boti: kwa nini alisimamisha mguu?

Akafikiri. "Wewe ulipokuwa unageuza santuri," akasema, "sisi tuliokuwa tunacheza tulikuwa tunafanya nini?"

Sikuwahi kumwambia habari za santuri. Nilipomkumbusha hilo akacheka, akasema kila nyumba yenye gramafoni ilikuwa na mtoto wa kugeuza.

Vijana wameshauri tukate ile nusu pumzi kwa kompyuta, wimbo uende bila pengo. Nimewaambia iachwe.

Jumamosi, 21 Mei

Mwezi mpevu tena. Flashi iko kwenye kikopo cha dawa, kikopo kiko kwenye mfuko wa plastiki, mfuko umefungwa kwa uzi wa kuvulia, na barua ya ukurasa mmoja iko ndani ya Biblia ya mzee ili isilowe. Nimekwenda mpaka Mwigobero kumpa, maana Jumatano aliisahau, akarudi leo kuifuata yeye mwenyewe. Jumatatu atapata gari la Shirati.

Nimemwandikia na padri. Kiswahili kitupu, ajifunze. Nimemweleza kwamba CD yake iko salama ila siirudishi bado, mpiga besi ameiazima, na ameniambia anamsikiliza yule dada, Emmylou, anapokaa pembeni ya sauti za wenzake, ili ajue jinsi ya kuitikia.

Boti imeondoka saa kumi na nusu. Mzee amekaa nyuma karibu na injini, Biblia kifuani, nyatiti magotini ndani ya kitenge. Nimesimama hadi ilipokuwa doa. Ng'ambo kule mtu alikuwa amewasha moto wa jioni.